Daftari la wafu wetu liko New York

Wenzetu vijana, ndugu na dada wa Goma, Bukavu, Beni, Butembo, Bunia, Uvira, Kisangani na popote mnapotusoma,

Tarehe 29 Novemba 2022 watu waliuawa Kishishe, teritwari ya Rutshuru. Siku zilizofuata tukaanza kusikia namba. M23 ikasema ni raia 8, tena kwa risasi zilizopotea njia. Serikali ikaanza na 50, halafu ikapanda mpaka karibu 300. Umoja wa Mataifa, bila kufika kijijini kwenyewe, ukahoji mashahidi waliokimbilia Rwindi na kutangaza watu 131 kwa Kishishe na Bambo pamoja. Waliokufa ni wale wale, lakini kila mkubwa alikuwa na namba yake.

Januari 2025 vita viliingia Goma. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu alisimama Geneva akasema kwamba watu karibu 7,000 wamekufa mashariki tangu mwaka uanze, na kwamba maiti zaidi ya 2,500 zilizikwa bila kutambuliwa. Tusome tena pole pole: bila kutambuliwa. Watu hao walikuwa na mama. Walikuwa na jina kanisani au msikitini. Pengine mpaka leo kuna mtu anayeendelea kupiga namba yao ya simu.

Swali letu ni rahisi, mama yeyote wa sokoni anaweza kuliuliza: "Batu bangapi balikufa? Na majina yao iko wapi?" Katika nchi hii yote hakuna ofisi hata moja inayoweza kufungua daftari na kumjibu.

Nchi isiyojua watu wake

Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanywa mwaka 1984, wakati wa Mobutu. Tulihesabiwa kama milioni 30. Tangu hapo tumepita vita viwili vikubwa, vikundi vya silaha visivyo na idadi, kipindupindu, Ebola mara nyingi, volkano ya Nyiragongo mara mbili, na hakuna aliyetuhesabu tena. Wengi wetu tunaosoma maneno haya hatukuwa tumezaliwa mwaka huo. Kwa hesabu ya Leta, sisi ni watu wa kukadiriwa.

Mtoto anazaliwa Walikale, haandikwi. Mzee anakufa Fizi, haandikwi. Watu wanachinjwa Beni tangu Oktoba 2014, na anayeandika majina ni padri, ni muganga wa sentre ya afya, ni kijana wa Msalaba Mwekundu anayezika kwa mikono yake. Kila mmoja ana kaye yake. Kaye hizo hazikutani popote. Nyumba ikichomwa, na kaye inachomwa.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumefika mahali ambapo hata watu wanapotea vile vile.

Bei ya kutohesabu

Kuna wenzetu wanaotuambia: "Acheni mambo ya namba, namba haileti amani." Tuwaonyeshe namba moja iliyotugharimu.

Mwaka 1999 Kongo ilimshtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye, juu ya kuvamia nchi yetu na kuharibu Ituri na Kisangani. Mwaka 2005 mahakama ikasema Uganda ina hatia. Ikabaki swali la malipo. Kongo ikadai zaidi ya dola bilioni 11. Upande wa watu waliouawa, ikasema raia 180,000.

Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikatoa hukumu. Ikasema ushahidi wa Kongo juu ya hiyo 180,000 hautoshi. Yenyewe ikakadiria waliokufa kuwa kati ya 10,000 na 15,000. Malipo yote, ya watu, ya mali na ya madini na mbao zilizoibwa, yakawa dola milioni 325, kwa awamu 5 za milioni 65 kila mwaka.

Kati ya 180,000 na 15,000 kuna watu 165,000. Labda walikufa, labda hesabu ya serikali yetu ilikuwa ya kubahatisha. Hatuwezi kujua, na hilo njo jambo la aibu: kati ya ile vita ya siku sita ya Kisangani, Juni 2000, na hukumu ile, kulipita karibu miaka 22. Miaka 22 inatosha kupita mtaa kwa mtaa, Makiso, Tshopo, Mangobo, na kuandika kila jina. Mawakili walipanda ndege kwenda Uholanzi wakiwa na namba. Hawakuwa na majina.

Sasa tuko na sheria ya Desemba 2022 ya kulinda wahanga na kuwalipa fidia, tuko na mfuko wa fidia unaopata sehemu ya mrabaha wa madini, na kila tarehe 2 Agosti tunakumbuka Genocost. Vizuri. Lakini fidia inalipwa kwa mtu mwenye jina. Mjane asiye kwenye orodha atapata nini? Kwenye sherehe mmoja anasema milioni 6, mwingine anasema milioni 10, makofi yanapigwa, na mjane anarudi nyumbani kwa miguu.

Wanaotuhesabu ni nani?

Mahali pa Leta pamejazwa na watu wengine. Miaka zaidi ya 20 hivi, wanaotuhesabu, wanaochora ramani ya vita yetu na kuishauri dunia la kufanya ni mashirika na vituo vya utafiti vya vyuo vikuu vya ng'ambo, vile vinavyoshughulika na mambo ya kimataifa na siasa ya usalama. Tuchukue viwili.

Cha kwanza kiko Kanada. Mwaka 2008 shirika la International Rescue Committee lilitangaza kwamba kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007 vita na matokeo yake viliua watu milioni 5.4 Kongo, wengi sana kwa magonjwa na njaa. Namba hiyo ilizunguka dunia. Sisi wenyewe tumeiandika kwenye mabango. Halafu kikundi cha utafiti wa usalama wa binadamu cha Chuo Kikuu cha Simon Fraser kikaja na ripoti yake: hapana, mmezidisha.

Ugomvi ulikuwa juu ya nini? Ili kujua vita imeua wangapi, lazima kwanza ujue wangapi wangekufa hata bila vita. Wale wa kwanza walitumia wastani wa Afrika kusini ya Sahara: mtu 1.5 katika kila watu 1,000 kwa mwezi. Wale wa Kanada wakasema Kongo ilikuwa maskini kuliko wastani huo, kwa hiyo tuweke 2. Tofauti ni nusu mtu. Mtu anaweza kucheka. Lakini tupige hesabu pamoja: katika nchi ya watu milioni 60, nusu mtu kwa kila 1,000 ni watu 30,000 kwa mwezi. Kutoka Mei 2001 mpaka Aprili 2007 ni miezi 72. Zidisha: ni zaidi ya milioni 2. Wafu milioni 2 wanatokea au wanapotea kufuatana na wastani uliochaguliwa na watu waliokaa mbele ya kompyuta, mbali na hapa.

Hatusemi kwamba wa Kanada ni waongo. Hesabu yao iko na maana, na mtafiti ana haki ya kumpinga mtafiti. Tunachosema ni kwamba hakuna Mkongomani aliyeweza kuingia kati yao akiwa na namba halisi ya nchi yake na kusema: "Hii hapa." Pande zote mbili zilikopa, kwa sababu kwetu hapakuwa na kitu cha kukopesha. Tulikuwa watazamaji kwenye kesi ya mazishi yetu.

Cha pili kiko Marekani, katika Chuo Kikuu cha New York. Kuna kituo kinachoitwa Center on International Cooperation, kinachochunguza uhusiano wa mataifa, amani na usalama. Ndani yake, mwaka 2015, likaanzishwa kundi la utafiti juu ya Kongo, ambalo wengi hapa wanalijua kwa kifupi chake cha Kifaransa: GEC. Mwaka huo huo likatoa ramani ya vikundi vya silaha vya mashariki: vilikuwa kama 70. Kwa mwaka 2020 likahesabu 122, ukiweka Kivu zote mbili, Ituri na Tanganyika. Mwaka 2017, pamoja na Human Rights Watch, likaanzisha kipimo cha usalama cha Kivu: mauaji, utekaji nyara na mapigano yalithibitishwa na kuwekwa alama kwenye ramani ambayo mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuifungua.

Tuseme ukweli wote. Kazi hiyo ilitusaidia. Serikali ilipotangaza hali ya kuzingirwa, Mei 2021, ikaweka majenerali kuongoza Kivu Kaskazini na Ituri na kutuambia tusubiri amani, ni ramani hiyo iliyotuonyesha kwamba mauaji hayakupungua. Tulitembea barabarani na namba hizo mkononi. Wenzetu walifungwa juu ya kuzisema kwa sauti.

Na Machi 2016, kundi hilo lilipotoa ripoti ikiuliza wauaji wa Beni ni nani, lilionyesha kwamba si ADF peke yao, kwamba vikundi vingine, na hata baadhi ya wanajeshi wa taifa, walikuwa na mkono ndani. Jibu la serikali ya wakati ule? Aprili 2016 mkuu wa kundi, Jason Stearns, alifukuzwa nchini.

Njo maana tunawaambia wale wanaopiga kelele "wapelelezi, wabeberu, wafukuzwe": sisi hatuko pamoja nanyi. Tunawajua. Mnamchukia mgeni anapotaja jina la jenerali, lakini mgeni anayekuja kusaini mkataba wa madini mnampokea kwa zulia jekundu. Kumfukuza mwenye daftari hakurudishi daftari nyumbani. Kunalifunga tu.

Ushauri unakwenda wapi?

Sasa tuseme na upande wa pili, maana kushukuru si kunyamaza.

Kituo cha siasa ya usalama kinaandika ili kishauri. Kila ripoti ina sehemu yake ya mwisho: mapendekezo. Soma uone yanaelekezwa kwa nani. Kwa Baraza la Usalama, ambalo liko mji mmoja na hicho kituo. Kwa Washington, kwa Brussels, kwa wafadhili, kwa Kinshasa. Ripoti zinatoka kwa Kiingereza na Kifaransa. Mama wa Oicha aliyesimulia jinsi mume wake alivyokufa shambani, akijibu kwa Kiswahili au kwa Kinande, hawezi kusoma maneno yake mwenyewe. Akikosewa, hawezi kusahihisha. Wakubwa wanapopiga kura juu ya MONUSCO ibaki au iondoke, maisha yake yako mezani kama nukta kwenye ramani, na yeye mwenyewe hajui kwamba ni nukta.

Tena daftari la mfadhili linafungwa siku mfadhili anapogeuza macho. Mwaka 2025 tuliona USAID ikifungwa kwa uamuzi wa Washington, na hapa kwetu dawa na chakula vikakatika. Kama dawa inaweza kukatika vile, kuhesabu wafu je? Kumbukumbu ya taifa haiwezi kuishi kwa proje ya miaka mitatu.

Na kuna jambo la mikono na miguu. Utafiti huu wote unatembea juu ya migongo yetu, sisi vijana wenye diplome bila kazi. Mnajua jinsi inavyokwenda. Unaitwa kwa wiki mbili. Unapewa simu, fishi ya maswali, pesa ya motari na ya kula. Unalala kwa shefu wa lokalite. Unauliza: "Waliingia saa ngapi? Walisema lugha gani? Walikuwa wangapi?" Mama analia, wewe unaandika, na usiku huwezi kulala. Halafu kontra inaisha. Miezi kadhaa inapita, mtu anakutumia ripoti kwa WhatsApp, ni ya Kiingereza, na jina lako haliko hata kwenye shukrani. Hatutaji taasisi, kwa sababu si moja wala mbili.

Kuna majina yanayofichwa kwa usalama wa mtu, na hilo tunalitaka. Lakini kumficha mtu ili apone na kumsahau baada ya kazi ni vitu viwili. Machi 2017, wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Michael Sharp na Zaida Catalán, waliuawa Kasai wakichunguza makaburi ya pamoja. Dunia ililia nao, na ilikuwa haki. Na Wakongomani waliofuatana nao, mkalimani na waendesha pikipiki, nani anawataja? Mgeni akifukuzwa anapanda ndege. Anketeri wa Mangina anabaki Mangina, jirani na yule aliyemtaja.

Si sisi wa kwanza kusema hivi. Mwaka 2019 watafiti wa Bukavu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ghent kule Ubelgiji, walianza kuandika waziwazi juu ya maisha ya wasaidizi wa utafiti: hatari, malipo, majina yanayopotea. Kama watafiti wenyewe wamekubali kwamba ugonjwa upo, wafadhili wanasubiri nini?

Na vyuo vyetu?

Hapa njo tunafika kwenye kidonda chetu. Ni rahisi kuuliza New York inafanya nini na daftari letu. Ni vigumu zaidi kuuliza universite zetu zimefanya nini.

Kila mwaka, Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Kisangani, wanafunzi wa sheria, wa sosholojia, wa uhusiano wa kimataifa wanaandika TFC na memware. Angalia mada: vikundi vya silaha katika teritwari fulani, migogoro ya ardhi katika shefferi fulani, ubakaji, watoto wanajeshi, wakimbizi wa ndani. Kwa kila moja kuna kijana aliyekwenda kijijini kwa pesa ya mfuko wa mzazi wake, akahoji wazee, akaandika. Hizo kazi ziko wapi? Ziko kwenye rafu, zinaliwa na panya na unyevu, au profesa ameziweka kwake. Hakuna aliyeziingiza kwenye kompyuta. Hakuna aliyekaa chini kulinganisha ya 2009 na ya 2019 juu ya kijiji kile kile. Tuko na hazina ya ushahidi iliyolipwa na jasho la wazazi wetu, na tunasubiri ripoti kutoka ng'ambo itueleze Masisi ni nini!

Msituambie haiwezekani. ISP Bukavu iko na kikundi chake cha utafiti juu ya migogoro na usalama wa binadamu, na kazi yake inasomwa hata Ulaya. Kuna Ebuteli, taasisi ya Wakongomani inayoshirikiana na lile kundi la New York. Watu tuko nao. Kinachokosa ni uamuzi wa Leta. Nchi ilinunua ndege zisizo na rubani, ililipa askari wa kukodi kutoka Ulaya, lakini haitoi pesa ya kalamu kwa kituo kimoja cha chuo kikuu cha serikali kitakachochunguza vita hiyo inapigwa juu ya nini, na nani, na nani anakufa. Profesa anakaa miezi bila mshahara kamili, anagoma, mwaka wa masomo unapotea, na waziri anakwenda kwenye mkutano wa usalama akiwa na ripoti iliyoandikwa na wengine.

Kwa nini? Jibu letu ni hili, na tunalisema bila kuogopa: kwa sababu daftari linamfunga mtu. Ukiandika kwamba watu 40 waliuawa Jumanne saa tatu usiku, itabidi uandike kwamba kambi ya jeshi ilikuwa kilomita 2, kwamba waliita msaada saa nne, na kwamba msaada ulikuja asubuhi. Namba ya kukadiria haina saa, haina kambi, haina komanda. Namba ya kukadiria haimpeleki mtu yeyote mbele ya mahakama.

Tunachodai

Kwa serikali: iundwe orodha ya taifa ya waliouawa na waliopotea tangu 1993, jina kwa jina, ikianzia kwenye grupema na kartie. Parokia, misikiti, zone za afya na Msalaba Mwekundu waalikwe wakiwa na kaye zao. Orodha iwekwe na taasisi huru, nakala zikae sehemu zaidi ya moja, ndani na nje, ili moto wa mji mmoja usiwaue wafu mara ya pili. Na sensa ifanywe kweli, kila sehemu inayofikika, bila kuifanya chombo cha uchaguzi.

Kwa wanaoshikilia miji yetu kwa bunduki: makaburi mliyojaza ni ushahidi. Msiyaguse. Waacheni watu wazike na kuandika majina ya watu wao.

Kwa universite zetu: fungueni rafu. Kila TFC na memware juu ya migogoro iwekwe mahali pa kusomwa na watu, baada ya kuondoa majina yanayoweza kumletea mtu hatari. Anzeni na hilo, haliitaji milioni za dola.

Kwa bunge: wekeni kwenye bajeti mstari wa vituo vya utafiti wa amani na usalama katika vyuo vya umma vya mashariki. Na mtetee uhuru wao wakitoa ripoti msiyoipenda, maana siku hiyo njo tutajua kama mlikuwa wa kweli.

Kwa vituo vya ng'ambo, na cha New York kikiwemo: hatuwafukuzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tunataka mwenyeji apone kweli. Ripoti irudi kwa Kiswahili, kwa maandishi na kwa redio, kwa watu waliotoa maneno. Data zibaki pia kwenye chuo cha hapa. Msaidizi awe na kontra, bima, na jina lake akitaka. Na mapendekezo yenu yasikilizwe kwanza na watu wa Oicha, kabla ya kusomwa na mabalozi.

Na kwetu sisi? Hatutasubiri. Kila seli ya harakati yetu ichague watu wawili makini katika kartie yake. Wachukue kaye na biki. Waandike: jina, umri, mahali, tarehe, saa kama inajulikana, na habari ilithibitishwa na watu wangapi, wawili au zaidi. Majina ya mashahidi yasiandikwe kwenye kaye hiyo, yasikae kwenye simu, yasitumwe kwa WhatsApp. Picha za maiti tusizisambaze, mtu aliyeuawa ana heshima yake. Tusiongeze mtu hata mmoja ili namba ipendeze, tusipunguze hata mmoja kwa kuwa alikuwa wa kabila lingine. Mhutu, Mnande, Mhunde, Mtutsi, Mlendu, Mhema, Mshi, Mfuliru: katika kaye hii wote ni watu waliokufa kwa ubaya, basi. Siku tutakapoanza kuchagua wafu wa kuandika, tutakuwa sawa na wale tunaowapinga.

Watatuuliza: "Nani amewapa ruhusa?" Jibu liko fupi. Mtu hahitaji ruhusa ya kujua jina la ndugu yake.

Mapambano yaendelee.

Sisi vijana wananchi